Hatukuhisi, Tulipima

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya nne chuoni na mlinzi wa getini bado ananiuliza nimekuja kumwona nani. Leo nimemwonyesha kitambulisho cha mwanafunzi. Akakigeuza mbele, akakigeuza nyuma, akacheka, akaniomba radhi, akacheka tena. Miaka hamsini na tisa na mkoba mgongoni! Ningekuwa yeye ningecheka pia.

Darasani wameshanizoea. Wananiita Bibi. Yuko binti mmoja, mimi humwita Miwani kwa kuwa miwani yake ni mikubwa kuliko uso, ananiwekea kiti cha mbele ili nisikie vizuri. Masikio yangu ni mazima kabisa, lakini sijamwambia. Kiti ni kizuri.

Mada mpya leo: ufeministi na dhana ya akili. Mhadhiri angeweza kuwa mwanangu wa mwisho. Anafundisha amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuegemeza ukutani, na sauti haipandi hata siku moja. Akasema kuna mwanafalsafa wa kale aliyeandika kwamba mwanamke anao uwezo wa kufikiri na kuamua, ila uwezo huo hauna mamlaka. Yaani akili anayo. Haitawali tu.

Kalamu ilinitoka mkononi ikabingirika hadi chini ya dawati la mbele. Akili isiyo na mamlaka! Nimekuwa mkunga miaka thelathini na mmoja na hakuna aliyewahi kunieleza kazi yangu kwa maneno machache namna hiyo.

Mwisho wa mwezi kila mtu atatoa wasilisho. Mfano mmoja kutoka maisha yako, si kutoka vitabuni.

Mume wangu, mzee wangu, amenipokea mlangoni. Mwanafunzi karudi? Leo mmejifunza nini? Nikamwambia. Alikuwa mpima ardhi, kila kitu kwake ni kipimo. Akauliza hiyo akili inapimwa kwa futi au kwa mita. Kisha akanikuta nimekaa kimya na viatu mguuni, akaacha mzaha, akaenda kuchemsha chai.

Nimemfikiria Radi, mwenzangu wa wodini, siku nzima. Miaka kumi na tisa hatujaongea.

Alhamisi, 6 Machi

Darasani leo hapakukalika.

Mhadhiri alieleza jinsi falsafa ilivyovipanga vitu viwili viwili: akili na mwili, utulivu na jazba, mwanamume na mwanamke. Na kila mara cha kwanza ni bwana wa cha pili. Miwani akasimama. Kama nyumba ya akili ilijengwa ili sisi tubaki uani, akasema, kwa nini tuendelee kubisha hodi? Tuwaachie! Tuna njia zetu za kujua: moyo, mwili, uchungu. Makofi. Kijana wa nyuma akasema akili haina jinsia, mbili na mbili ni nne kwa kila mtu. Akazomewa mpaka akaketi.

Sikuwa nimepanga kunyoosha mkono. Nilijikuta nimenyoosha.

Nikasema: mwanangu, usigawe kitu ambacho bado hujapewa. Wodini, daktari akipatia, walisema ana akili. Mimi nikipatia, walisema nina hisia nzuri. Nimehesabu, nimeandika, nimelinganisha, nimefikia jibu — halafu mtu ananipigapiga begani, mama, umejaliwa hisia! Sasa na wewe unaniambia nichukue kibandiko kile kile nikivae kama taji?

Hata Mhadhiri alishusha mguu.

Miwani akaniuliza, kwa upole kabisa, hakuwa na ubishi: "Kwa hiyo Bibi, unataka nini hasa?"

Nikasema nataka maji ya kunywa. Wakacheka wote, nikacheka nao.

Lakini ninachokitaka nakijua. Nataka alasiri moja irudi. Moja tu.

Jumanne, 11 Machi

Niiandike leo, yote, mzee wangu yuko kwa kinyozi.

Saa nane na nusu mchana. Mama wa kitanda cha saba, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua saa sita, mtoto wa kike, analia vizuri. Zamu ilikuwa yangu na Radi. Radi ni jina la wodini, kwa sababu akiita jina la mgonjwa, maabara wanaitika. Mimi waliniita Taratibu. Tulianza kazi siku moja, tukakaa chumba kimoja hosteli miaka minne.

Mapigo ya moyo tisini na sita. Robo saa baadaye, mia na kumi na mbili. Tulikuwa na utaratibu wetu: Radi anahesabu, kisha nahesabu mimi bila kuangalia alichoandika, ndipo tunalinganisha. Mia na ishirini na nane. Presha inashuka kila tukipima. Tumbo linajaa, limekakamaa. Pedi karibu kavu. Radi akasema pale pale, anahesabu kwa vidole: mapigo yanapanda, presha inashuka, tumbo linajaa, nje damu haipo. Basi damu inamwagika ndani. Basi apelekwe upasuaji sasa hivi.

Hivyo hivyo Mhadhiri anavyotuandikia ubaoni! Dai, dai, dai, dai, hitimisho.

Daktari alikuwa mezani kwake na kikombe cha chai. Akasema mama amechoka, kila mzazi huchoka. Radi akamsomea namba. Akamjibu: "Msiniletee hisia za wodini." Radi akarudi, tukapima, akaenda tena na namba mbaya zaidi. Akarudishwa. Mara ya tatu akapiga kelele. Akamshika daktari koti, akamvuta, kikombe kikavunjika. Korido nzima ikatoka milangoni. Akamwita muuaji.

Mama alifariki saa kumi na dakika arobaini. Mtoto alikuwa amelala.

Kisha kamati ya uchunguzi. Waliniita mimi peke yangu. Mwenzako alizungumza na daktari kwa utulivu? Hapana. Alipiga kelele? Ndiyo. Alimgusa? Ndiyo. Asante sista, unaweza kwenda.

Dakika sita. Sikusema uongo hata neno moja. Chati ilikuwa mezani mbele yao, na namba zetu, mwandiko wangu. Nilikaa nimekunja mikono mapajani nikingoja waniulize habari za namba. Hawakuuliza. Sikusema.

Nilikuwa mtulivu sana.

Radi alifukuzwa kazi Ijumaa ile ile. Nilimwona akivuka uwanja na sanduku lake. Nilikuwa dirishani. Sikushuka.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeitafuta ripoti, iko chini ya sanduku la vyeti. Nilijua ipo. Nainakili: "Muuguzi wa kwanza alitawaliwa na jazba. Muuguzi wa pili alionyesha utulivu na busara."

Mwaka uliofuata nikafanywa sista mkuu wa wodi.

Nilifurahi? Niandike ukweli hapa angalau. Nilifurahi.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sijasoma kitu.

Radi alikuwa anabishana na kila kitu. Alibishana na kitabu cha uuguzi, anakisoma kwa sauti amelala chali, miguu ukutani: "Mgonjwa apewe maelezo ya kutosha. Ya kutosha kwa nani? Taratibu, ya kutosha kwa nani?" Alibishana na kengele ya hosteli. Alibishana na matroni juu ya urefu wa soksi, akashinda, na matroni mwenyewe akaanza kuvaa soksi fupi. Tulikuwa na kioo kimoja kidogo; akijipaka mafuta usoni alinitazama humo na kuniuliza maswali. Ukisema wanawake wana huruma zaidi, ina maana gani? Umepimaje? Nikimjibu "ndivyo watu wanavyosema," ananirushia kitana.

Sijawahi kufikiri vizuri kama nilivyofikiri katika chumba kile. Baada yake nimeongea na wengi. Mzee wangu ni mtu mwema, nampenda. Lakini hakuna aliyewahi kunirushia kitana.

Nimeng'oa karatasi tatu leo nikijaribu kumwandikia. "Rafiki yangu mpendwa" — hapana. "Kwako Radi" — kama barua ya ofisini. Ya tatu niliandika jina lake la nyumbani, nikalitazama, nikalia juu ya meza ya kulia chakula mtu mzima mimi, na mzee wangu akapita na ufagio akajifanya hakuona.

Alhamisi, 20 Machi

Nilimfuata Mhadhiri ofisini. Chumba chenyewe ni cha vitabu, yeye kabanwa pembeni. Nikamsimulia yote, nikamwambia hiyo ndiyo mada yangu: kwamba kelele za Radi zilikuwa hitimisho, na utulivu wangu haukuwa akili, ulikuwa woga uliopigwa pasi.

Alisikiliza bila kuandika. Akasema ni mfano mzuri kuliko wowote aliowahi kuletewa. Nikavimba kichwa. Halafu akauliza: "Mama, na yeye amekubali?"

Nani?

"Mwenzako. Amekubali kuwa mfano?"

Nikasema hatuonani. Akauliza kama amehama. Nikasema ana duka la dawa za mifugo, upande wa pili wa mji, karibu na kiwanda cha magodoro. Nimelijua miaka minane.

Akanitazama tu. Hawa watoto wa siku hizi wanajua kunyamaza! Mwisho akasema, taratibu: labda ujiulize kwanza unamtafuta ili umpe nini.

Nimerudi nyumbani nimemkasirikia. Mpaka kufika kwenye ngazi hasira imeisha, imebaki aibu.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda.

Nilisimama ng'ambo ya barabara kama robo saa. Duka dogo, safi, rafu hadi darini, mizani juu ya kaunta. Radi amenenepa kidogo, nywele nyeupe amezikata karibu na kichwa. Sauti ile ile! Niliisikia kabla sijavuka.

Kulikuwa na mteja, mfugaji, ndama wake anaumwa, anataka dawa ya kuharisha. Radi hakumpa. Anakunywa maji? Tangu lini? Ukimbana ngozi ya shingo inarudi haraka au inabaki imesimama? Wengine wanaumwa au yeye tu? Mfugaji anajibu kama mtoto wa shule. Basi hahitaji dawa uliyoitaja, akasema Radi, amekaukiwa maji mwilini, mwanzishie maji haya, kesho njoo uniambie. Nikajikuta natabasamu kama mjinga nyuma ya gunia la chumvi ya ng'ombe.

Mteja akatoka. Akaniona.

"Taratibu."

"Radi."

"Una ng'ombe siku hizi?"

Sikujua nicheke au nilie. Akanivutia kigoda. Hakunipa mkono. Nikaanza kumweleza, nikaongea haraka haraka, chuo, mada, wanafalsafa, jinsi walivyoigawa akili wakatuachia hisia, jinsi nilivyotambua baada ya miaka yote kwamba siku ile yeye ndiye aliyekuwa na akili kuliko sisi wote —

Akanikatiza. "Umekuja kuniambia nilikuwa na akili?"

Nikasema ndiyo.

"Hilo nilikuwa nalijua. Nililijua nikiwa nimemshika koti. Nililijua nikifunga sanduku. Sikukosa akili, Taratibu. Nilikosa mtu wa kusema: 'Hata mimi nilipima, nimepata hivyo hivyo.'"

Mteja mwingine aliingia, akamhudumia, akatoka. Nilikaa tu kwenye kigoda. Nilitaka sana anifukuze. Hakunifukuza.

Nikasema naomba radhi. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: yule mtoto wa kitanda cha saba yupo, ana miaka kumi na tisa, amelelewa na mama yake mdogo. Hununua hapa chakula cha kuku. Hajui Radi ni nani. Ameambiwa mama yake alikuwa na mwili dhaifu, haukuweza uzazi. Hivyo ndivyo hospitali ilivyowaeleza. Na yeye anaamini ameurithi. Amemkataa mchumba kwa ajili hiyo hiyo.

"Hilo darasa lako sina haja nalo," akasema. "Ukitaka kuandika, andika maelezo. Jina lako kamili, cheo ulichokuwa nacho, ulichokiona, saa na namba. Wapewe wenyewe kwanza, binti na mama yake mdogo, halafu hospitali."

Nikasema nitafikiria. Akacheka, kile kicheko chake. "Fikiria. Wewe ni hodari wa kufikiria."

Jumatano, 26 Machi

Naandika, nafuta. Naogopa nini? Cheo nilishakiacha. Lakini picha yangu bado imetundikwa kwenye chumba cha mafunzo cha wodi, na chini yake maneno: mfano wa utulivu. Wasichana wanaoanza kazi huonyeshwa. Waliniaga kwa keki na hotuba, nikashukuru!

Mzee wangu ameisoma rasimu ya nne. Akavua miwani. Nilidhani atasema nisichokoze yaliyolala. Akasema: "Miaka yote hii nilidhani ulikuwa unalala vibaya kwa sababu ya zamu." Kisha akaonyesha mstari mmoja, akasema hapa umeandika "namba ziliandikwa". Nani aliziandika? Kwenye ramani, mpimaji huweka sahihi.

Nimeweka: niliziandika mimi.

Jumamosi, 29 Machi

Radi alifunga duka saa saba, akageuza kibao cha mlangoni, akaisoma karatasi yangu amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Nilikaa kwenye kigoda changu. Moyo wangu ulikuwa unaenda — sikuuhesabu.

Akapiga mstari.

"Hapa. 'Tulihisi kwamba damu inavuja ndani.'" Akaninyooshea karatasi. "Tulihisi?"

Nikasema ni namna tu ya kusema.

"Hatukuhisi. Tulipima."

Miaka thelathini na mmoja wodini, wiki saba za falsafa, nimelalamika darasa zima lisikie — na kwa mkono wangu mwenyewe nimeandika tulihisi! Wamenifundisha vizuri hao. Nikakata, nikaandika tulipima. Karatasi ikachanika kidogo kwa nguvu ya kalamu.

Mahali pengine nilikuwa nimeandika kwamba alizungumza na daktari "kwa msisitizo". Akacheka mpaka akashika kaunta. "Msisitizo! Nilipiga kelele mpaka kikombe kikavunjika. Andika nilipiga kelele."

Nikamwambia watalishikilia hilo tena, watasema jazba.

"Waache. Nilikuwa na hasira na nilikuwa na sababu, vyote kwa pamoja, na koo ni moja. Mtu anakufa kitandani, kichwa chenye akili timamu kinatakiwa kiongee vipi?"

Hilo sijalikuta katika kitabu chochote walichonipa. Niliomba kuliandika kwenye daftari la darasani. Akasema liandike, ila usiseme ni la kwangu, sema ulilisikia dukani.

Tulipomaliza akanipimia chai kwenye kikombe cha bati. Tulikunywa bila kuongea. Nilimwona akitazama viatu vyangu, na nikajua kabisa anataka kuvisema. Enzi zile angevisema. Leo hakuvisema. Nimetamani njia nzima aviseme.

Jumatatu, 31 Machi

Nimetoa wasilisho. Sikumtaja Radi wala kitanda cha saba. Nilisema tu: mfano wangu ni mimi. Kuna siku nilinyamaza nikiwa na hoja mkononi, na waliokuwa mezani wakauita unyamavu ule busara, wakanipa cheo. Nikawaambia tangu hapo siuamini uso uliotulia, hata wangu.

Kijana wa nyuma akauliza, kwa hiyo tuitupe akili? Nikasema hapana, baba. Naitaka. Naitaka kama mtu anavyoitaka nyumba aliyoijenga kwa mikono yake halafu akawekwa uani. Lakini nikirudi ndani sitaki kurudi peke yangu, wala kwa sharti la kuacha koo langu nje.

Miwani alikuwa analia, na huku analia akanyoosha mkono, akauliza swali gumu kuliko yote ya siku: nani basi ataamua kelele ipi ina hoja na ipi haina? Tulitoka tumechelewa, bado tunabishana kwenye ngazi. Nilikuwa na furaha, na katikati ya furaha ile nikageuka pembeni kumwambia Radi kitu.

Pembeni palikuwa na mlinzi. Akaniambia shikamoo bibi.

Ijumaa, 4 Aprili

Tumekwenda kwa yule binti, Radi na mimi. Alipiga hodi yeye.

Nyumba ya vyumba viwili, kuku nyuma, cherehani dirishani. Mama mdogo alitukaribisha akidhani tumekuja kwa mambo ya kanisani au ya kura. Binti akaja na viti. Mrefu. Kanitazama usoni moja kwa moja. Nilimbeba huyu! Nilimfuta na kumfunga nguo ya kwanza.

Niliwasomea. Sauti haikutetemeka, na hilo lilinichukiza, nikaiacha itetemeke. Tisini na sita, mia na kumi na mbili, mia na ishirini na nane. Saa, presha, jina la dawa tuliyokuwa nayo. Nilichoulizwa na kamati, nilichojibu, nisichosema. Nikamwambia binti: mama yako hakuwa dhaifu. Alikuwa anavuja damu ndani, kwa dalili zote tulizopima, na palikuwa na muda wa kumpeleka upasuaji. Huna ulichorithi.

Mama mdogo aliinuka akaenda uani. Tulimsikia akilia.

Binti hakulia. Aliniomba karatasi, akaisoma mwenyewe mwanzo hadi mwisho, kidole juu ya namba. Akauliza mapigo ya kawaida ni mangapi. Radi akamjibu. Akauliza kwa nini hamkumpeleka wenyewe kwa kitanda cha magurudumu. Radi akasema hatukuwa na ruhusa. Binti akasema, "Ruhusa," kama anaonja neno la kigeni. Radi akainama.

Kisha binti akauliza: "Na mama yangu? Yeye alisema nini?"

Tukatazamana.

"Mmeandika mlichokisema nyinyi, na daktari alichokisema, na kamati. Mama alikuwa macho?"

Alikuwa macho. Mpaka karibu na mwisho alikuwa macho.

"Basi alisema nini?"

Radi akanigeukia. Radi alikuwa anakimbia korido, kwenda na kurudi. Aliyebaki kando ya kitanda ni mimi.

Nikamwambia binti anipe siku moja nikumbuke vizuri. Akasema kesho saa tano atakuja nyumbani kwangu mwenyewe, nimwelekeze. Nikamwelekeza.

Barabarani Radi hakuniongelesha, ila palipokuwa na dimbwi alinishika kiwiko. Akakishika mpaka tukafika kwenye taa.

Jumamosi, 5 Aprili

Saa nne na robo asubuhi. Mzee wangu amefagia baraza mara mbili. Radi amekuja bila kualikwa, yuko jikoni anabishana naye juu ya namna ya kuosha birika.

Nimekaa hapa tangu alfajiri. Namba zote ninazo, nikifumba macho naona mpaka wino wake. Rangi ya shuka ninayo. Saa ya ukutani, ufa juu yake.

Aliomba maji, hilo nalikumbuka. Alisema anasikia baridi. Alisema neno juu ya tumbo, mapema sana, kabla ya mapigo kupanda, kabla mimi na Radi hatujaona lolote. Kwamba kuna kitu kinajaa. Alisema kabla yetu! Alijua kabla ya chati. Nami nilimwambia nini? Nilimwambia ni kawaida, mama, baada ya uzazi.

Na baadaye, kwenye mia na ishirini na nane, alinishika mkono, ule wenye saa. Alikuwa anaanza kuniuliza kitu. Midomo naiona. "Sista, hivi —" akasema, na mimi nilikuwa katikati ya kuhesabu, macho kwenye mshale. Nikamwambia: nyamaza kidogo mama, nahesabu.

Akanyamaza.

Geti limelia. Radi anaita jina langu, sauti yote. Hivi nini? Sista, hivi —